Kituo cha Kumi na Saba Kimesema Mvua Tu

Bledsoe Ridge, Arkansas
15 Novemba 1981

Mwanangu Garvin,

Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaonikumbusha umri, na natumaini barua hii itakukuta umekula. Kuku wanataga kwa uvivu. Yule jogoo wa Dada Imogene wa bondeni amehamia kwangu moja kwa moja. Imogene akipita hapa anamwita kwa jina, na jogoo anamgeuzia mkia. Nikamwambia, "Imogene, huyu amekuacha, kubali yaishe." Akasema, "Wala si wa kwanza." Tulicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa.

Barua yako ya mwisho niliipata mwezi wa nane, ile ya kuniuliza mawe ya mvua yalikuwa makubwa kiasi gani. Nilikujibu, mpaka nikakuchorea. Tangu hapo mbingu zimetulia na wewe ukatulia. Silalamiki. Nasema tu kwamba mama yako yupo hata siku ambazo hakuna upepo.

Kazi uliyoniachia naifanya. Kila asubuhi naenda kwenye kile kisanduku cheupe ulichokipigilia kwenye nguzo ulipokuwa bado na chunusi, nasoma kipimajoto, nachungulia maji ya mvua, halafu nampigia simu Ndugu Tubbs mjini. Ananiuliza vilevile kila siku, "Kituo cha Kumi na Saba, mmeamkaje huko juu?" Mimi namtajia nambari. Jioni anazisoma nambari za watu wote kwenye simu ya upepo, na ninyi wapenda mbingu mnazisikia kuanzia hapa mpaka huko Texas. Imogene anasema watu wazima kuhesabu mvua ni ugonjwa. Nikamjibu kuna magonjwa mabaya zaidi, na yeye aliolewa na mawili. Lakini mimi nikifikiri kwamba jioni umekaa huko peke yako unasikia nambari niliyoisoma mimi, najisikia kama nimekupikia.

Juzi nilipita pale daraja la Cane Creek, pale gari la baba yako lilipoteleza kwenye barafu. Nililazimika kupita, hakuna njia nyingine ya kwenda mjini. Siku ile redio ilikuwa imesema mvua tu. Basi, sitaki kuendelea na hayo.

Nilichotaka kuuliza ni Krismasi. Kitanda chako kina shuka safi. Nitaoka mkate wa mahindi ule wenye mafuta ya nguruwe unaoupenda, na chupa za pichi ziko rafu nzima, mtu mmoja hawezi kuzimaliza. Samahani kwa mwandiko, shule yangu unaijua iliishia wapi.

Ni mimi mama yako anayekuwaza,
Ozella Stidham


Dalby, Texas
6 Desemba 1981

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia, na Dada Imogene pia, na huyo jogoo mwenye akili. Mimi sijambo. Kiwandani tunachambua pamba usiku na mchana, nikipiga chafya natoa kitambaa. Mkuu wetu anasema mashine hazitazimwa mpaka mwisho wa Januari, kwa hiyo Krismasi usinisubiri. Pole, mama. Nimekutumia kifurushi.

Sasa sikia. Majira haya ya baridi hewa ya kaskazini inashuka vibaya, na joto la Ghuba huko kusini linapanda juu yake. Wenzangu wote wamekaa chonjo. Mvua ya namna hiyo inashuka ikiwa maji, halafu inaganda hapohapo inapogusa kitu. Ukisoma thelathini na mbili, pale maji yanapoanza kuganda, au chini yake na mvua inanyesha, ujue ndiyo hiyo. Usipime barafu ya ardhini. Kata kijiti chenye unene wa kidole, upime barafu ya upande mmoja tu. Pettus wa Oklahoma mwaka jana alipima pande zote mbili pamoja na kijiti chenyewe, akajitangaza bingwa. Tulimcheka mpaka Pasaka.

Sheria yetu ni moja, nambari ni nambari. Huipandishi kwa sababu unapenda, huishushi kwa sababu unaogopa. Kuna watu wanaamua kama watoke nyumbani au wasitoke kwa kusikia nambari zetu. Wewe unajua kwa nini mimi nilianza kupima, sina haja ya kuandika.

Na siku Kituo cha Kumi na Saba kikisema barafu, nawasha gari saa ileile, pamba au hakuna pamba. Nimeifuatilia barafu miaka yote hii kwa masikio. Safari hii nataka nisimame ndani yake, kwenye uwanja wetu, niione inavyokuja.

Mwanao,
Garvin


Bledsoe Ridge
27 Desemba 1981

Mwanangu,

Kifurushi kimefika salama, ahsante sana. Nilikifungua mbele ya Imogene. Alipoona ni kipimajoto kipya alijifunika mdomo kwa kitambaa cha mezani. Nikamwambia, "Cheka tu, ndugu yangu. Wa kwako alikuletea nini?" Akasema, "Nguo za kufua." Basi tukala nyama, tukaimba kidogo, akaondoka mapema kwa sababu ya macho yake.

Kipimajoto nimekitundika. Kinasomeka vizuri kuliko kile cha zamani.

Garvin, yale maneno ya kuwasha gari saa ileile nimeyasoma mara nyingi. Barabara ni ileile, na daraja ni lilelile. Nakuomba uyafikirie tena.

Mama


Bledsoe Ridge
Jumanne 12 Januari 1982

Mwanangu Garvin,

Leo salamu zitakuwa fupi. Nimekaa jikoni karibu na jiko la kuni, na nje kumeanza.

Nilipoamka nilidhani kuku wamekufa wote, maana hapakuwa na sauti yoyote. Mvua inanyesha polepole, mvua ya kawaida kabisa ukiiangalia dirishani, ila tone likitua halianguki tena. Kamba ya nguo imenenepa kama mshumaa. Kitasa cha mlango nilikigonga kwa nyundo ndipo nikatoka. Nilikwenda kwenye kisanduku chako nimeshika uzio kwa mikono miwili, nikasoma. Thelathini na moja. Nikapangusa kioo, nikasoma tena. Ikabaki thelathini na moja.

Nikarudi ndani nikapiga simu.

"Kituo cha Kumi na Saba, mmeamkaje huko juu?"

"Thelathini na tano," nikasema. "Mvua tu."

Ndugu Tubbs akauliza, "Mvua tu, Dada Ozella? Kwangu hapa inaganda, na kwa mpimaji mwenzetu Hargis inaganda, na ninyi mko juu yetu sote."

"Mvua tu."

"Basi Mungu anawapenda kuliko sisi," akasema, akacheka, tukaagana.

Sasa umejua. Barua hii haiwezi kukufikia kabla barafu haijayeyuka, ndiyo maana humu naweza kusema kweli. Kwenye simu sikuweza. Nambari ile ingekuwa masikioni mwako jioni ya leo, na wewe uliandika kwa mkono wako kwamba utawasha gari. Nilimfunika baba yako kwa koti langu pale darajani kabla hawajaja kumchukua. Wewe hukumwona, ulikuwa shule. Mimi nilimwona. Niite mwongo, lakini uniite ukiwa hai.

Alasiri. Simu imekufa, na umeme pia. Misonobari ya nyuma imeinama hadi vilele vimegusa ardhi, kama watu wanaotafuta kitu walichodondosha. Ile mialoni ya mbele haiwezi kuinama, kwa hiyo inavunjika. Tawi likikatika linalia kama bunduki, halafu inafuata sauti kama ya vioo vingi vinavyomwagika. Kila likilia nasimama. Sijui nasimama ili nifanye nini. Ulinifundisha kupima, nikakata kijiti. Barafu ya upande mmoja ni unene wa kidole changu gumba. Ni nzuri, mwanangu. Sikutaka kukwambia hivyo. Jua lilichungulia mara moja tu, uwanja mzima ukawaka, na sikuwa na mtu wa kumwita aje aone.

Jumatano. Jana sikumaliza kwa sababu mlango uligongwa. Nilidhani tawi. Kumbe ni Doyle Yancey, yule anayeuza mafuta ya taa kwa gari, amesimama barazani na ndevu zimekuwa barafu, mkono mmoja ameushika kwa mwingine.

"Dada Ozella," akasema, "hii mvua yenu ya huku juu ina meno."

Nikamwingiza. Mkono ulikuwa umevunjika chini ya kiwiko, hata mimi niliona. Niliufunga kwa mwiko na foronya. Alisema, "Taratibu mama, huo si unga," na machozi yanamtoka. Nikamwuliza kilichomtoa nyumbani siku kama ile.

"Nilimwuliza Tubbs njia ikoje. Akasema mjini ni hatari, ila kwa Dada Ozella mvua tu, thelathini na tano. Nikaona basi nikuwahishie mafuta kabla hali haijageuka. Kufika pale kwenye daraja gari likaniacha, likalala ubavu mtoni kama ng'ombe aliyeshiba. Kipimajoto chako kina kichaa?"

"Labda," nikasema.

Hilo tu ndilo nililosema, Garvin. Labda. Nikampa supu ya maharage, akasema haijawahi kupikwa supu kama ile, na mimi nimegeukia jikoni nisimwangalie. Alitembea kutoka darajani mpaka hapa na mkono umevunjika, kwa sababu mimi nilisema mvua tu.

Ijumaa. Wana wa Doyle wamepanda kwa miguu na misumeno, wakakata njia, wakamchukua. Alinikumbatia kwa mkono mmoja. Bado simu haina sauti. Kwa siku hizi nilikuwa nimemzoea mtu anayekoroma jikoni. Leo nimewaingiza kuku ndani, si kwa baridi peke yake.


Dalby, Texas
18 Januari 1982

Mama mpenzi,

Natumaini u mzima, na najua u mzima, maana nambari yako imenituliza kuliko dawa. Hatuwezi kupata simu ya huko, wanasema nguzo zimeanguka kaunti nzima. Lakini kwako pamesalimika!

Mama, hujui ulichofanya. Jioni ile Tubbs alisoma vituo vyote. Kaskazini barafu, kusini barafu, mashariki, magharibi, kila mtu barafu. Katikati yao Kituo cha Kumi na Saba, thelathini na tano, mvua tu. Niliisikia nimeshika kahawa, nikasimama wima. Pettus akaropoka palepale hewani, "Garvin, mama yako amekitundika kipimajoto juu ya sufuria ya maharage." Nikamjibu, "Pettus, mama yangu hajakosea nambari tangu nimpe kazi. Wewe unakosea hata soksi." Wote wakacheka.

Nimekaa siku tatu na ramani. Nadhani kuna ulimi wa hewa ya joto unaopanda bonde la Cane Creek na kutua juu ya mgongo wetu wa kilima. Hakuna aliyewahi kuuona. Nimewaambia wenzangu kwamba nina hakika, nimeweka jina langu juu ya jambo hili, na mwezi wa nne kwenye mkutano wetu wa mwaka nitasimama niueleze. Mimi, mtu wa kuchambua pamba! Wamekubali kunisikiliza kwa sababu moja tu, kwamba nambari ni yako.

Niandikie kila kitu unachokumbuka. Upepo ulitoka wapi? Mvua ilikuwa ya matone makubwa? Ningependa sana kama ungeandika haraka.

Mwanao anayejivunia,
Garvin


Bledsoe Ridge
31 Januari 1982

Mwanangu,

Posta haikupanda huku mpaka juzi Ijumaa. Yule bwana wa barua alinipa yako huku mimi nimemshikia yangu mkononi, ile ya siku za barafu, imeshafungwa. Nikamwambia asubiri. Nikasoma yako hapohapo kwenye ngazi, yeye anapuliza vidole ndani ya gari. Nilipofika pale ulipomjibu Pettus nikamwambia aende tu, arudi Jumatatu.

Jumamosi na Jumapili nimekaa na barua zote mbili. Nilifungua mlango wa jiko la kuni mara mbili, ile yangu nimeishika mkononi. Lakini wewe utasimama mbele ya watu useme kuna joto mahali ambapo hapakuwa na joto, na utasema mama yangu ndiye aliyelisoma. Mialoni yote imevunjika, Garvin. Mtu yeyote akipanda huku ataona.

Kwa hiyo natuma zote mbili pamoja, hii na ile. Anza na ile. Hakuna ulimi wa joto. Alikuwapo mama yako tu.

Imogene ni mzima. Jogoo alikufa kwenye baridi.

Mama


Bledsoe Ridge
7 Machi 1982

Mwanangu Garvin,

Natumaini hujaugua. Mwezi umepita na siku zake. Simu imerudi, umeme umerudi. Asubuhi namtajia Ndugu Tubbs nambari za kweli, naye ananishukuru, na ile "mmeamkaje" haisemi tena.

Nilikwenda kwa Doyle nikamwambia yote, mkewe akiwa amekaa hapo. Doyle aliutazama mkono wake. Akasema, "Kwa hiyo mkono huu umevunjika kwa ajili ya Garvin?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mwambie aje anikamulie ng'ombe, mimi wananicheka." Alinisindikiza mpaka getini. Mkewe hakuinuka, na kanisani sasa anakaa upande wa pili. Nami ningekaa upande wa pili.

Niandikie hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Mama


Dalby, Texas
21 Machi 1982

Mama,

Nakuamkia. Sijaugua. Nilikuwa sijui niandike nini, nikianza nachana.

Niliwaambia wote hewani wiki ile barua zako zilipofika. Nilisema nambari haikuwa ya kweli na ulimi wa joto haupo. Nilimsubiri Pettus acheke. Hakucheka. Alisema tu, "Pole, ndugu yangu," akazima chombo chake. Hilo ndilo lililonilaza kitandani siku nzima.

Kuhusu baba sijawahi kukuandikia neno, wala wewe hukuniandikia mpaka juzi. Sikujua habari ya koti. Nilikuwa nakuona ukivaa lile la bluu, halafu ukaacha, nikadhani limechakaa. Siku ile mtu alisema mvua tu, mama. Sijui alikuwa nani. Labda alikuwa mvivu, labda alisoma vibaya. Tangu nina miaka kumi na mitatu namtafuta mtu huyo, na kila nambari ninayoipima nampimia yeye. Sasa nikilala namsikia kwa sauti yako, na siwezi kumchukia, na sijui niiweke wapi hasira yote ile.

Kuna jambo lingine nililokuficha. Jioni ile nilipoisikia nambari yako sikuwa nyumbani. Nilikuwa njiani. Mchana wa Jumanne vituo vya Oklahoma vilipoanza kusema barafu niliacha kazi bila ruhusa, nikashika barabara. Nilikuwa nimefika karibu na mpaka wa Arkansas, nimesimama kwa kahawa, na chombo kiko wazi garini. Sikuwa nimesubiri Kituo cha Kumi na Saba kiseme kitu. Sikuwa nakuja kuangalia barafu. Nilikuwa nakuja kwako, kwa sababu uko peke yako juu kule na kuni unazibeba mwenyewe. Halafu Tubbs akasema mvua tu. Nikasema moyoni, ahaa, mama yuko salama, hanihitaji. Nikageuza gari.

Nimewaomba wakifunge Kituo cha Kumi na Saba. Ndiyo desturi yetu, ukitoa nambari ya uongo huitwi tena, na siwezi kuomba uachwe kwa kuwa ni mama yangu. Ndugu Tubbs atakuja kuchukua kisanduku. Nilitaka uyasikie kwangu kwanza.

Swali langu ni moja. Baridi nyingine itakuja. Nikikuuliza mimi mwenyewe, si Tubbs, kama inaganda, utaniambia nini?

Garvin


Bledsoe Ridge
4 Aprili 1982

Mwanangu Garvin,

Nimepokea barua yako na nimeisoma mpaka naijua bila kuitazama. Mimi ni mzima. Imogene amefanyiwa upasuaji wa macho, sasa anaona vumbi langu lote na ananitajia moja moja.

Ndugu Tubbs alikuja Alhamisi. Alivua kofia kama mtu aliyekuja matangani. Alikataa kahawa, halafu akanywa vikombe viwili. Tulikwenda pamoja kwenye nguzo, yeye na bisibisi yake, mimi nikamshikia skrubu asizipoteze kwenye nyasi. Akasema, "Dada Ozella, ningekuwa na mtoto huko mbali, hata mimi sijui." Hakumalizia. Kisanduku alikibeba kwenye kiti cha mbele, si nyuma. Nilisimama mpaka gari lake likapotea, nikarudi ndani. Tangu hapo asubuhi ni ndefu sana. Nikiamka nafunga viatu, natoka, nafika katikati ya uwanja ndipo nakumbuka hakuna anayesubiri niseme kitu.

Sikasiriki. Umefanya sawa. Baba yako naye asingenipendelea.

Lakini Garvin, hukuniambia. Uliandika barafu, mimi nikasoma barafu. Uliandika unataka kusimama ndani yake uione, hukuandika popote kwamba ungekuja kunibebea kuni. Kama ungeandika hivyo. Nimekaa hapa nikijaribu kuona kama ungeandika hivyo ningesema thelathini na moja. Na naona nisingesema. Ningesema thelathini na tano kwa nguvu zaidi. Ule usiku nilikuwa na Doyle jikoni na mwanangu yuko mpakani amegeuza gari, yuko hai, anadhani simhitaji. Nikiliwaza hilo nalia, na nikimaliza kulia nashukuru, halafu namkumbuka Doyle na shukrani inaniganda mdomoni.

Umeniuliza nitakuambia nini. Nimekudanganya mara moja kwenye simu, kwenye karatasi sijakudanganya hata siku moja, na sitaanza leo. Jibu langu ni kwamba sijui. Ukiwa upande ule wa daraja na mvua inaganda, mimi sijiamini. Wenzako wamefanya vizuri kukichukua kile kisanduku.

Kwa hiyo usiniache nichague tena. Njoo kabla ya baridi. Njoo mwezi wa tano au wa sita, mbingu zikiwa hazina kitu cha maana, barabara kavu mpaka inapasuka. Hutapata cha kupima. Kuna mialoni minne ya kupasua na mimi siwezi msumeno, na Doyle bado anasubiri mkamuaji. Pamba yenu kwa sasa haijapandwa, hilo nimeuliza.

Mama yako,
Ozella